Tiba ya wasiwasi na hofu ya ghafla kwa mzazi mwenye pilikapilika: tathmini ya huduma ya kliniki moja jijini Dar es Salaam

Huduma ninayoitathmini hapa ni vikao vya tiba ya mazungumzo vinavyotolewa na mwanasaikolojia tiba katika kliniki ndogo ya binafsi, Wilaya ya Kinondoni, kwa watu wanaosumbuliwa na wasiwasi wa muda mrefu pamoja na hofu ya ghafla, yaani ile hali ambayo moyo huanza kwenda mbio bila sababu ya wazi, kifua kikabana, mikono ikatetemeka, na mtu akaamini kwa dhati kwamba anakufa au anarukwa na akili. Jina la kliniki nimeliacha makusudi, kwa sababu ninachotaka kupima ni aina ya tiba na utaratibu wa kuitoa, mambo ambayo msomaji atakutana nayo katika kliniki nyingine za namna hiyo pia. Nimeitumia nikiwa baba wa watoto watatu, mfanyakazi wa ofisi ya wakala wa forodha ambako simu hailali, na mume wa muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Kwa hiyo nilikwenda na maswali mawili: kama tiba hii inasaidia kweli, na kama inawezekana kwa mtu ambaye ni nadra kupata saa moja ya kwake peke yake. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tena kuliko nilivyotarajia. La pili lina malalamiko, nami nitayafikia.

Wengi hufika pale baada ya kuzunguka kwingi. Mtu mwenye dalili hizi mjini kwetu huambiwa kwanza ni presha, kisha vidonda vya tumbo, kisha malaria iliyojificha, na vipimo vyote vikirudi safi ndugu huanza kunong'ona kwamba labda ni mambo ya Kiswahili, atafutwe mtu wa kumwangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalazwa kwenye kitanda cha dharura zaidi ya mara moja, nikapimwa umeme wa moyo, nikaambiwa sina tatizo, nikarudi nyumbani na tatizo langu. Nilichokipenda katika kliniki hii ni kwamba hawakuvidharau vipimo hivyo. Mtaalamu aliomba kuviona, akataka pia kipimo cha wingi wa damu, cha sukari na cha tezi ya thairoidi, kwa kuwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu vinaweza kuleta mapigo ya moyo na mitetemeko inayofanana kabisa na hofu. Akauliza pia ninakunywa kahawa kiasi gani na kama ninatumia vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza ingawa nusu ya ofisi yetu huendeshwa navyo siku nzima. Naongeza hapa, kwa uzito wake, kwamba maumivu ya kifua yanayomjia mtu kwa mara ya kwanza, hasa yakisambaa hadi mkononi au kwenye taya, au yakija anapofanya kazi ya nguvu, ni ya kupelekwa hospitali kwanza, na mambo ya wasiwasi yazungumzwe baadaye.

Siku ya kwanza mgonjwa hujaza dodoso fupi linalojulikana kwa jina la GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006 na linalotumika sana duniani. Lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 21, na mtu anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Ni chombo kizuri, lakini nilipewa nikijaze sebuleni mapokezi, goti kwa goti na mtu nisiyemfahamu, na kuna swali la kama unaogopa kwamba jambo baya litatokea ambalo si la kujibiwa huku jirani anachungulia. Aidha, dodoso halitofautishi kati ya mtu anayekosa utulivu kwa sababu ya ugonjwa na mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa. Tofauti hiyo ilipatikana ndani, katika mazungumzo.

Mtaalamu ni mama wa makamo ambaye wagonjwa wote humwita dokta ingawa haandiki dawa. Kikao cha kwanza hakuniuliza habari za utotoni, jambo nililokuwa nimejiandaa nalo. Aliniuliza hivi: "Baba, huo moyo ukianza kwenda mbio, wewe unafanya nini?" Nikamjibu kwamba ninaegesha gari, ninashuka, ninampigia mke wangu simu. "Na usiposhuka?" Nikasema nitakufa. Akaliandika neno hilo peke yake katikati ya karatasi, akalizungushia duara, na karibu kila kikao kilichofuata kilikuwa cha kulipima kama ni kweli.

Nyuma ya swali hilo kuna nadharia inayoeleweka. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Oxford, Uingereza, alieleza kwamba hofu ya ghafla hujiendesha kwa mzunguko: mwili hutoa ishara ya kawaida, kwa mfano mapigo yanayoongezeka baada ya kupanda ngazi, mtu huitafsiri ishara hiyo kuwa ni dalili ya kifo au wazimu, tafsiri hiyo huamsha woga, woga huongeza mapigo, na mapigo yaliyoongezeka huthibitisha tafsiri. Juu ya hapo huja pumzi. Mtu mwenye hofu huhema haraka na kwa nguvu, akatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyostahili, na upungufu wake katika damu ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo, na ile hisia kwamba hewa haitoshi hali ya kuwa imezidi. Kwa kawaida dalili hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka zenyewe. Anayekimbia kabla hazijashuka hapati nafasi ya kuliona hilo, na badala yake huondoka na imani kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kwa sisi wa forodha mfano uko karibu: kontena likiachwa bandarini kwa sababu mwenyewe anaogopa kwenda kuliangalia, tozo za uhifadhi hazisimami kumsubiri apate ujasiri.

Kinachofanya huduma hii iwe tofauti na nasaha za "tulia, usiwaze sana" ni kwamba hofu huletwa makusudi chumbani. Dokta alihakikisha kwanza kwamba sina pumu, kifafa wala ugonjwa wa moyo, kwa kuwa mazoezi haya hayamfai kila mtu, kisha akatoa mrija wa kijani kama ile inayobandikwa kwenye paketi za juisi za watoto, akanitaka nibane pua na kupumua kupitia mrija huo kwa dakika moja huku simu yake ikihesabu. Kabla ya kuanza niliipa hofu yangu alama tatu kati ya kumi. Katikati ya dakika, kifua kilipoanza kudai hewa na vidole kupata ganzi ile ile ninayoijua, nilisema nane, nikatupa mrija. Akaniuliza kwa upole kabisa kama nimekufa. Tukarudia. Safari nyingine ilikuwa kuzunguka kwenye kiti cha ofisi hadi kichwa kikawa hakina uelekeo, safari nyingine kupanda na kushuka ngazi za jengo bila kupumzika, na kila mara alama zilikuwa zikishuka, si kwa sababu dalili zimepungua bali kwa sababu zimezoeleka. Nakiri kwamba mtu anayelipa fedha zake anaweza kuona kichekesho kulipishwa ili azungushwe kwenye kiti, lakini hiyo ndiyo sehemu ya huduma ninayoipa alama za juu kuliko zote.

Mazoezi ya nyumbani ni nusu ya tiba, na hapa mzazi ana faida ambayo kliniki yenyewe haikuigundua. Mwenye watoto hana haja ya kutafuta mahali pa kuuzoesha moyo kwenda mbio. Akicheza nao kukimbizana uani robo saa kabla ya kuoga, zoezi limekwisha na watoto wamefurahi. Zoezi lililonishinda kama lilivyoandikwa ni lile la saa ya wasiwasi, ambalo linamtaka mtu aahirishe mawazo yote ya mchana na kuyakusanya katika dakika 20 zilizopangwa, ayaandike, kisha afunge daftari. Karatasi ya maelekezo ilipendekeza saa moja jioni. Yeyote aliyebuni saa hiyo hajawahi kuwa na mtoto wa darasa la pili mwenye kazi ya hesabu, mwingine anayekataa dagaa, na chungu jikoni, siku ambayo mama yao yuko zamu ya usiku. Tulilihamishia kwenye gari, nje ya geti la shule, kile kipindi ambacho wazazi huegesha na kusubiri kengele. Daftari likagawanywa kurasa mbili: upande mmoja mambo yenye hatua ya kuchukua, kama ada ya muhula au nyaraka za mzigo unaokaribia kuanza kutozwa, na upande wa pili yale ya "je, ikiwa" yasiyo na hatua yoyote, kama mtoto kukohoa leo na mimi kumwona tayari amelazwa. Nilishangazwa na jinsi upande wa pili ulivyokuwa ukijaa haraka na jinsi ulivyokuwa ukijirudia wiki hadi wiki kwa maneno yale yale.

Kisha kuna kurudi kwenye yale yaliyokimbiwa, na kwangu hilo lilikuwa mabasi ya mwendokasi. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016 yalikuwa yananifikisha mjini kutoka Kimara vizuri, hadi siku hofu iliponikamata nikiwa nimebanwa katikati ya abiria, nami nikahamia kwenye gari, na foleni, na bei ya petroli. Dokta alinitengenezea ngazi: kwanza kusimama kituoni Kimara bila kupanda, kisha kupanda hadi Ubungo mchana kukiwa na nafasi, kisha hadi Magomeni, kisha hadi Kivukoni, na mwisho kupanda asubuhi watu wanapoingia kwa kusukumana. Masharti yalikuwa magumu kuliko safari yenyewe. Chupa ya maji niliyokuwa nikiishika kama hirizi ilibaki nyumbani, sikuruhusiwa kusimama karibu na mlango, wala kushika simu mkononi namba ya mke wangu ikiwa tayari. Nilimwomba dokta awe hewani nami kwa simu safari ya kwanza, akakataa, akieleza kwamba sauti yake ingekuwa chupa nyingine ya maji. Wakati ule nilimwona mkatili. Sasa naona kwamba mtoa huduma anayekubali kila ombi la mgonjwa mwenye hofu humfunga kwake, na kwamba kukataa kule kulikuwa kazi ya kitaalamu.

Suala la watoto liliingia kwa kuchelewa, na nadhani lingestahili kuwa la kwanza. Wangu walishaniona nikiegesha gari pembeni ya barabara nimekunja uso, na mkubwa, binti wa darasa la sita, alikuwa ameanza kunitazama kwenye kioo kila tunapokaribia makutano yenye foleni. Ushauri tulioupata ni kutowaficha wala kuwapa kazi ya uuguzi. Waambiwe kwa maneno machache kwamba moyo wa baba unakwenda mbio kwa sababu ya hofu, kwamba utatulia baada ya muda mfupi, na kwamba hakuna aliyemkosea. Asitumwe mtoto kuleta maji wala kumpigia mama yake. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu watoto hujifunza cha kuogopa kwa kuwatazama wakubwa wao. Shule ilipopanga ziara ya Bagamoyo, kwenye magofu ya Kaole, daftari langu lilijaa mabasi yaliyopinduka. Nilichotakiwa kufanya ni kusaini fomu siku hiyo hiyo, kuuliza maswali mawili ya msingi kwa mwalimu, na kutoongeza la tatu. Binti alikwenda, akarudi na mchanga kwenye viatu na malalamiko kuhusu chakula.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi. Mwanasaikolojia haandiki dawa, ila humwelekeza anayezihitaji kwa daktari wa magonjwa ya akili. Dawa za kundi la sertralini na fluoksetini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo mwanzoni, na hazikatishwi ghafla bila kuzungumza na daktari. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea na mtu akaitegemea, tena humzuia kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Kliniki ilieleza haya bila kushabikia upande wowote, na wapo wanaotumia dawa na mazungumzo kwa pamoja.

Sasa malalamiko. Vikao hutolewa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni siku za kazi, na Jumamosi hadi saa sita mchana, ratiba inayomlazimu mwajiriwa kuomba ruhusa kila wiki na kueleza anakokwenda. Anayeahirisha bila taarifa ya saa 24 hulipa kikao kizima. Naelewa kwamba muda wa mtaalamu ni mali, lakini homa ya mtoto haitoi taarifa siku moja kabla, na kanuni hiyo ikitumika bila huruma huwaadhibu wazazi kuliko wateja wengine wote. Hakuna kona ya watoto, hata mkeka na vitabu viwili, kwa hiyo mama niliyemkuta pale siku moja akiwa na mtoto mchanga mgongoni alirudi bila kuhudumiwa kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mapokezi walipiga simu ofisini kwetu wakataja jina la kliniki kwa mfanyakazi mwenzangu, na ingawa waliomba radhi, kuna watu ambao kosa kama hilo lingewagharimu heshima au kazi. Na mwenzi wa mgonjwa hahesabiwi kuwa sehemu ya tiba: kikao cha pamoja na mke wangu nilikiomba mwenyewe na kukilipia pembeni, wakati yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu wodini katikati ya zamu, na yeye ndiye aliyehitaji kuelezwa kwa nini sasa asipokee.

Bei ni shilingi 60,000 kwa kikao cha dakika 50, na bima yangu haikuigusa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakadiria kwamba tiba ya aina hii kwa hofu ya ghafla huhitaji jumla ya saa 7 hadi 14, maana yake kwa bei hiyo mtu anaingia gharama ya kati ya shilingi 540,000 na zaidi kidogo ya milioni moja. Kwa familia yenye ada za shule hiyo si fedha ya kutolewa kirahisi. Asiyeimudu asikate tamaa: Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, si ya wale tu tunaowatania mitaani. Zimbabwe walianzisha mwaka 2006 mpango wa bibi waliofundishwa kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba dalili za msongo zilipungua sana kwa waliohudumiwa, na mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Mabibi wenye subira tunao katika kila kata ya jiji hili, na natamani kuwaona kwenye mabenchi ya namna hiyo hapa pia.

Jambo lililoniokoa katika ratiba ni vikao vya simu, ambavyo kliniki inavyo lakini haivitangazi. Nilivifanyia ndani ya gari, madirisha yamefungwa, jasho likinitoka, na kwa mazungumzo ya kupitia daftari vilitosha kabisa. Kwa mazoezi ya mrija na kiti havifai, kwa hiyo mpango mzuri ni kupishanisha: kikao kimoja ana kwa ana, kinachofuata kwa simu.

Hofu haijaisha. Ilinijia tena hivi karibuni, mwendokasi ukiwa umesimama karibu na kituo cha Fire, nami nikabaki nimesimama nilipokuwa, nikihesabu mabango ya barabarani hadi tulipoendelea. Tofauti ni kwamba siipangii tena siku yangu. Nawashauri huduma hii wale ambao hofu ya ghafla ndiyo shida yao kuu na ambao wako tayari kufanya mazoezi. Ambaye kiini cha wasiwasi wake ni kipigo nyumbani au madeni atahitaji msaada wa aina nyingine kwanza, na mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri miadi ya kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu wake wa karibu.

Mzazi atakayeamua kwenda aulize mambo manne kabla ya kulipa: mtaalamu amesomea nini na wapi, kama anatumia mazoezi ya kukabili hofu au mazungumzo matupu, kanuni ya kuahirisha inasemaje mtoto akiugua, na simu za kliniki zitapigwa kwa namba ipi. Aombe pia kikao cha saa tatu Jumamosi, na awahi kukiomba, kwa sababu hicho ndicho kinachojaa mapema kuliko vyote.